Kijiti Kwenye Mkeka wa Kahawa

Fundi wa redio alipoondoka Nyaishozi alimwachia mwenzangu seti nzima ya bisibisi, zimepangwa kwa ukubwa ndani ya pochi ya ngozi. Mimi aliniachia kalenda. Kalenda yenyewe ilikuwa ya mwaka uliokwisha kufika katikati, na picha nzuri kuliko zote ilikuwa ya Januari.

Nilimshukuru vizuri, kwa mikono miwili, kama nilivyolelewa. Halafu nikaenda nyuma ya stoo nikasimama nikitazama migomba ya parokia mpaka macho yaliponikauka. Si kwamba nilikuwa na haja ya bisibisi. Sikuwa hata na kitu cha kufungua. Lakini mtu anayepewa bisibisi ametazamwa akaonekana fundi, na anayepewa kalenda ameonekana mtu wa kungoja siku zipite.

Hiyo ilikuwa baada ya wakimbizi kurudi kwao. Walipokuwepo, shirika moja lilijenga stoo ya dawa pale Nyaishozi, karibu na barabara, na kutoka hapo dawa zilikwenda kwenye zahanati za mbali, Nyakakika, Kaisho na kwingineko. Stoo ilikuwa na vyumba viwili vyenye kompyuta. Chumba cha kwanza kilikuwa changu. Mzee mtunza stoo alikaa mbele ya kompyuta yangu akaandika kilichoingia na kilichotoka: klorokwini, maji ya dripu, sindano, bandeji. Chumba cha pili kilikuwa cha mwenzangu. Kompyuta yake ilifungwa kwa waya kwenye kisanduku cha kugeuza herufi kuwa milio ya redio, kisanduku kikafungwa kwenye redio koli, na redio kwenye mlingoti mrefu nje. Zahanati ikiandika ujumbe kule Kaisho, herufi zilikuja hewani zikajipanga zenyewe kwenye kioo cha mwenzangu, bila mtu kupiga kelele za "ova, ova".

Programu za kompyuta zote mbili tuliziandika sisi wenyewe. Nalisema hili taratibu, kwa sababu likinitoka haraka naona kama najisifu. Fundi ndiye aliyetufundisha. Mimi nilitoka Kaisho, kwa watu wa ng'ombe, nimemaliza darasa la saba na kujifunza kupiga chapa kwa masista, na niliajiriwa kuchapa vibandiko vya chupa. Fundi alipoona napiga bila kutazama vidole, akanikalisha mbele ya kompyuta, akanipa kitabu cha Kiingereza na kamusi. Mwenzangu alikuwa wa hapo hapo Nyaishozi. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi kuchuma kahawa za watu, wakaishia kuwa na kahawa zao. Naye alikuwa wa darasa la saba. Alianza kwa kufagia chumba cha redio. Tulikuwa sawa kabisa, na nadhani hapo ndipo wivu ulipopata pa kukaa. Angekuwa na elimu kubwa kunizidi ningemheshimu tu, nikaendelea na mambo yangu.

Mimi nilikuwa mtu wa ndoto. Nikienda kuteka maji niliota kwamba siku moja kila nyumba Kaisho itakuwa na kompyuta, na baba yangu atasimama mlimani abonyeze kitufe, ng'ombe wageuke. Niliota naitwa kutoka Bukoba nikatengeneze jambo lililowashinda wote, nami nafika nimevaa viatu vya kufunga. Niliota nikitembea, nikila, hata kanisani. Sikuwa na huzuni, nilikuwa msichana wa kuimba. Ila kila ndoto yangu, nikiitazama vizuri, nilimkuta mwenzangu amesimama pembeni ananitazama kwa wivu. Nilihitaji awepo pale, la sivyo ndoto haikuwa na ladha.

Kumbe kwenye maisha ya kweli mambo yalikuwa kinyume. Yeye alicheka kwa mabega, na watu wakacheka hata kabla hawajajua kinachochekesha. Mganga wa zahanati ya Kaisho, kwetu, kijiji changu, alipoita kwa sauti redioni alikuwa akiuliza, "Yupo yule binti?" Nikimjibu, "Yupo mwingine, shikamoo," alisema, "Marahaba. Basi nitaita baadaye."

Shirika lilipofunga kazi, stoo ilikabidhiwa parokia, na sista mmoja akawa mkuu wake. Jenereta iliondoka. Kompyuta moja iliondoka. Tukabaki na kompyuta moja, betri na sola juu ya bati. Sista alituita wote wawili, na Mzee mtunza stoo akaketi karibu akiondoa matope kwenye kiatu kwa kipande cha kijiti.

"Tumsifu Yesu Kristo," tukasema.

"Milele amina. Kaeni. Nitasema wazi ili tusichokane. Kompyuta ni hii moja. Dawa ziandikwe humu humu, na ujumbe wa zahanati uingie humu humu. Inawezekana?"

"Inawezekana, Sista," alisema mwenzangu.

"Inawezekana," nikasema mimi, nimechelewa kidogo, ikasikika kama mwangwi.

"Basi iunganisheni kazi hiyo kabla ya sikukuu ya Bikira Maria ya Agosti. Nikishaiona inatembea, mmoja wenu atakaa kwenye kiti hiki. Wawili siwezi. Mwingine nitamtafutia pa kwenda, siwezi kumtupa mtoto wa watu. Lakini kiti ni kimoja."

Nilikitazama kiti. Kilikuwa cha chuma, cha kuzunguka, na kitambaa chake kilichanika upande wa kulia kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikikikalia kila Mzee alipoinuka, na nina tabia ya kukunja mguu. Kilikuwa changu hadi kwenye ule mpasuko.

Ili unielewe, nieleze programu zetu zilivyokuwa. Yangu haikuwa na makuu. Ilikuwa inazunguka. Inaweka alama ya kuuliza kwenye kioo, inangoja Mzee aandike, Mzee akibonyeza Enta inachukua maandishi, inayapeleka mahali pake, inarudi kuweka alama ya kuuliza. Kutwa nzima. Ya mwenzangu nayo ilizunguka: inasikiliza kisanduku, ujumbe ukianza inaupokea mpaka alama ya mwisho, inauhifadhi, inarudi kusikiliza. Kila moja kwenye kompyuta yake ilikuwa malkia. Haikujua kama duniani kuna mwingine anayengoja kitu kingine.

Siku ya kwanza tuligombana kabla hatujagusa kibodi.

"Yako iingie ndani ya yangu," nilisema. "Yangu ikimaliza mzunguko, itaita yako."

"Kwa nini yangu isiwe ndiyo inayoita?"

"Kwa sababu stoo ni ya dawa. Redio ni mgeni tu."

"Mgeni ndiye anayeletewa kiti, dada."

Mzee akacheka peke yake kule kwenye maboksi. "Hii ni ndoa," alisema. "Mnabishana nani anahamia kwa nani."

Niling'ang'ania, tukaanza na yangu juu. Tuliiwasha asubuhi, Sista hayupo, kwa bahati nzuri. Mzee aliketi, akaanza kuandika klorokwini kwa kidole kimoja kama kawaida yake. Katikati ya neno akaingia katekista kutoka Nyakakika. Mzee akageuka. Sasa, salamu za huku si za kusema habari ukapita. Waliulizana ya nyumbani, ya watoto, ya migomba, ya mvua iliyokatika mapema, ya ng'ombe wa katekista aliyezaa ndama mwenye doa usoni. Mimi na mwenzangu tulisimama tumefunga mikono mbele, maana ni nani angemkatisha mzee salamu?

Kule hewani mganga wa Kaisho alikuwa anatuma ujumbe. Kompyuta ilikuwa imesimama inamngoja Mzee amalize neno lake. Herufi za Kaisho zikaja, zikarundikana mlangoni mwa kompyuta, hakuna wa kuzipokea, mpaka mlango ukajaa. Mzee alipomaliza salamu, akarudi, akaandika herufi zilizobaki na kubonyeza Enta, programu ikatoa maneno ya Kiingereza na kufa. Dawa zilizokuwa zimeandikwa asubuhi ile zikafa nayo.

Sauti ya mganga ikatoka redioni. "Nyaishozi, nimeandika mpaka kidole kimeniuma. Mbona kimya? Yupo yule binti?"

Mwenzangu akajibu redio huku ananitazama. Alipoiweka chini akasema, "Umeandika programu yenye adabu ya horini."

Nilijuta kwamba niliwahi kumsimulia mambo ya hori. Kwetu Kaisho maji ya ng'ombe huchotwa kisimani na kumiminwa kwenye hori la udongo, na ng'ombe akishaweka mdomo haondolewi. Hata kama wako kumi nyuma yake wanalia kwa kiu, unangoja mpaka ainue kichwa mwenyewe. Ukimswaga kabla, baba atakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Fundi aliwahi kunionyesha amri nyingine, ya kuchukua herufi moja moja bila kungoja Enta, nikaikataa. Niliona ni kama kumnyang'anya mtu neno mdomoni. Nikatumia ile inayongoja. Niliamini nimechagua jambo la heshima.

"Basi tuweke yako juu," nilisema. "Tuone."

Tukaiweka yake. Na niseme tu, niliomba ishindwe. Sikuomba kwa maneno, kwa maneno niliomba tufanikiwe, lakini chini ya maneno kulikuwa na kitu kingine kinaomba kwa bidii zaidi.

Ilishindwa. Adhuhuri Kaisho walianza kutuma ujumbe, jua likiwa kali, na redio ikafifia kama ilivyozoea saa zile. Nusu ya ujumbe ikaingia, nusu ikapotelea hewani. Programu yake ikakaa inangoja alama ya mwisho ambayo haikuja na isingekuja kamwe. Mzee akabonyeza kibodi, hakuna herufi. Akabonyeza kwa nguvu. Akainua mikono yake juu akatuangalia.

"Nimeiharibu mimi?" aliuliza.

"Hapana, mzee wangu," alisema mwenzangu, na kwa mara ya kwanza niliona mabega yake yameshuka.

Ningefurahi. Nilikuwa nimeshajiandaa kufurahi. Lakini alikaa kwenye boksi la dripu akafunika uso kwa khanga, na mimi machozi ya mtu mwingine hunivuta kama kamba. Nikaketi karibu naye. "Zimeshindwa kwa kosa lile lile," nilimwambia. "Zote mbili zinangoja kwa moyo mmoja."

"Njoo nyumbani Jumamosi," alisema ndani ya khanga. "Mama anasema unapita kwetu kama mtu wa kodi."

Sikutaka kwenda. Nilikwenda.

Ulikuwa msimu wa kuanika. Uwanja wao wote ulikuwa mikeka ya kahawa, mingine myekundu iliyochumwa jana, mingine imeshakuwa nyeusi inagonga kama kokoto. Mama yake alinipokea kwa mikono miwili, akanivuta kifuani kwake. Alinukia moshi na maganda ya ndizi. Mama yangu mimi alikufa nikiwa darasa la pili, na ni vigumu kueleza wivu wa namna ile. Wa bisibisi ulikuwa mwepesi, niliweza hata kuuchekea. Huu sikuuweza. Nilimtazama mwenzangu akimwambia mama yake, "Mama, niache bwana," akisukuma mkono uliokuwa unamtengeneza nywele, na nikafikiri: angalia anavyomwaga.

"Mwana wanje, mwanangu, kaa hapo, usifanye kazi, wewe ni mgeni," mama aliniambia. "Watu wa maziwa hawajui kahawa."

"Najua kuinywa, mama."

"Hata kuinywa hujui. Mnaweka maziwa mpaka inakuwa ndama."

Nikakaa nikamtazama. Mwanzoni niliona ni mama asiyetulia. Aligeuza kahawa kwenye mkeka mmoja kwa mkono mara tatu nne, akaacha, akaenda kusukuma kuni chini ya sufuria ya maharage, akaacha, akamenya ndizi moja, mbili, akatupa jiwe kwa kuku, akarudi mkeka wa pili, akageuza kidogo, akaacha. Kwetu mtu wa hivyo angeambiwa hajalelewa. Unaanza kumkamua ng'ombe, unamaliza kumkamua. Lakini maharage hayakuungua, na kuku hawakula kahawa, na ndizi zilizidi kuongezeka kwenye beseni. Hakuna kilichomngoja na yeye hakungoja kitu.

Halafu nikaona kijiti. Kila alipoacha mkeka katikati, alichomeka kijiti kidogo kwenye kahawa, pale mkono wake ulipoishia. Akirudi, hakuanza upya na hakukisia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kijiti, akakichomoa, akaendelea.

"Mama," nilisema, "hicho kijiti kila mtu hukiweka?"

"Kijiti gani? Ah. Huyu mwenzako alipokuwa mdogo alikuwa anageuza sehemu moja siku nzima, sehemu nyingine inaoza. Nikamwekea kijiti. Basi ikawa mazoea."

Nilisimama. Nilihisi mwili wote kama nimetumbukia kwenye maji ya asubuhi. Niliona yote pale uwanjani. Kompyuta isimngoje Mzee wala isiingoje redio. Ipite. Iangalie kibodi: kuna herufi? Ichukue hiyo moja, iweke kijiti, ipite. Iangalie kisanduku: kuna herufi? Ichukue, iweke kijiti, ipite. Kama hakuna, ipite vile vile. Mzee akiacha klorokwini katikati akasalimie watu mpaka jioni, kijiti chake kitakuwa pale pale kwenye herufi aliyoishia. Redio ikifia njiani, kijiti chake nacho kipo, na Mzee anaendelea na yake.

Lakini ili iwe hivyo, ilibidi programu yangu ivunjwe, ile ya heshima, niliyoiandika kwa kamusi. Na ya mwenzangu ivunjwe pia, kwa sababu nayo ilikuwa haijui kuachia ujumbe katikati. Hakuna atakayehamia kwa mwingine. Kungekuwa na mzunguko mmoja, mpya, na hizi mbili zingekuwa mikeka tu.

Na kuivunja ya redio nisingeweza peke yangu. Sikuijua. Nikimwambia, yeye angeelewa kabla sijamaliza sentensi, angeiandika upesi kuliko mimi, angemweleza Sista kwa yale mabega yake, na kiti kingekwenda. Nisipomwambia, Agosti ingefika hatuna kitu. Nilisimama na mkono kwenye nguzo ya nyumba yao. Ndoto zangu zote zilikuja zikasimama na mimi, na viatu vyao vya kufunga.

"Umeona nini?" mwenzangu aliniuliza. Alikuwa ameshika bakuli langu la maharage, amelijaza kupita lake.

Kama lisingekuwa bakuli lile, sijui. Nikamwambia.

Alielewa kabla sijamaliza sentensi. Niliona macho yake yakienda kwenye mikeka, kwenye kijiti, na kurudi kwangu, na uso wake ukafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona. Ulijikunja kidogo.

"Nimezaliwa kwenye uwanja huu," alisema. "Nimekirudia hicho kijiti maisha yangu yote. Na wewe umekuja Jumamosi moja."

"Kula basi, chakula kinapoa."

"Nakuonea wivu, unajua? Unakaa tu pale umetulia kama mtu anayetazama mbuga, halafu unaona. Mimi nikitulia nalala."

Nilikuwa nimeota wivu wake mara nyingi, nimeupamba, nimeuvika nguo. Ulipokuja ulikuwa mdogo na umechoka, umeshika bakuli. Nilikula maharage yote, ingawa yalikuwa mengi.

Tuliiandika upya pamoja. Yeye alivunja yake, mimi nikavunja yangu, kila mmoja akimlalamikia mwenzake. Alikuwa akisema, "Herufi moja moja? Unanifanya nikusanye ujumbe kama kuku anavyodonoa." Nami nikasema, "Angalau kuku anashiba." Pale palipohitaji jina la sehemu ya kukumbuka ulipoishia, tuliandika KIJITI, na kwa sababu ni viwili, KIJITI1 na KIJITI2. Tuligombania nani awe wa kwanza. Alishinda yeye. Nakumbuka hilo vizuri mno.

Sista alikuja na mganga wa Nyakakika, aliyekuwa amefuata dawa zake. Mzee akaketi. Mwenzangu akaita Kaisho wajiandae kutuma. Mzee akaanza kuandika maji ya dripu, na nusu ya neno akasimama, akageuka, akamshika mganga mkono.

"Waitu, ndugu yetu, za Nyakakika?"

Nafikiri alifanya makusudi. Alisalimia kama hajawahi kusalimia. Aliuliza hata habari za baiskeli ya mganga. Na nyuma yake, chini ya kioo, ujumbe wa Kaisho ukaanza kuingia, herufi kwa herufi: klorokwini ya watoto imekwisha, chanjo bado zipo, leteni pia glavu. Katikati ukasimama, redio imefifia. Sista akashika msalaba wake. Mzee akageuka taratibu, akaendelea na neno lake pale pale alipoliacha, akabonyeza Enta, neno likaenda mahali pake. Akaanza lingine. Redio ikarudi, na Kaisho wakamalizia ujumbe wao chini yake kama vile hakuna kilichotokea.

"Huu ni mzunguko wa nani?" Sista aliuliza. "Wa dawa au wa redio?"

"Wake," alisema mwenzangu, akaninyooshea kidole.

"Wa mama yake," nilisema, nikamnyooshea yeye.

"Sijaelewa," alisema Sista, "ila inatosha."

Jioni ile alituita tena. Alisema alikuwa ameomba kwa siku nyingi juu ya jambo hili. Redio inaharibika mara kwa mara, na mwenye bisibisi na anayejua kuifungua ni mmoja. Halafu akanigeukia mimi kwa upole. Zahanati ya Kaisho inahitaji mtu wa kuandika ujumbe, kwa sababu mganga wao ana kidole kimoja na wagonjwa wengi. Wewe ni mtu wa kule, alisema, lugha yao ni yako, na unapiga bila kutazama.

Kwa hiyo niliondolewa kwa sababu ya bisibisi, na kwa sababu ya kwetu. Nilisema, "Asante, Sista." Nilipotoka, mwenzangu alinifuata mpaka kwenye mlingoti, akataka kunipa bisibisi moja, ile ndogo kabisa. Niliikataa. Halafu nikarudi nikaichukua.

Kaisho nilikuta redio, kisanduku na mashine ndogo ya kuandikia yenye kioo cha mistari miwili tu, juu ya meza karibu na dirisha. Kiti kilikuwa cha mbao, hakizunguki. Dirishani niliona ng'ombe wa watu wakishuka kwenda kunywa, mmoja nyuma ya mwingine, bila haraka. Baba alipita siku ya kwanza akasimama mlangoni na fimbo yake, akaitazama mashine, akauliza kama inaweza kuita ng'ombe. Nilimwambia bado.

Nikaita Nyaishozi, nikaandika salamu. Nilijua wakati ule Mzee yuko katikati ya neno, maana ilikuwa saa ya kupokea mizigo. Nilimwona mwenzangu kama nimesimama pale: mgongo umenyooka kwenye kiti changu, kitambaa kimechanika upande wa kulia. Wivu ukanishika ule ule wa zamani, haukuwa umechoka kwa safari. Baada ya muda kidogo mistari yangu miwili ikaanza kujaa.

"Naona herufi zako zinaingia. Mzee ameacha bandeji katikati, anasalimia watu. Vijiti vyote vipo. Mama anakuuliza utakuja lini. Endelea."

Nikaweka vidole kwenye vitufe, nikaandika kwa kasi yote niliyokuwa nayo, bila kutazama, dawa na wagonjwa na hali ya barabara, kasi ambayo najua yeye hana, nikitaka nione kama kiti kile kitanishindwa. Hakuna herufi hata moja iliyopotea.